Mkono wa breki unashuka hadi mshikoni, ukipampu unapanda: pa kuanzia kwa asiyewahi kugusa breki

Swali: Nimenunua pikipiki iliyotumika, ya cc 150, yenye diski mbele na ngoma nyuma. Mkono wa breki unashuka karibu kugusa mshiko wa usukani, lakini nikipampu mara mbili tatu unakuwa mgumu na breki inashika. Ya nyuma inalia, na pedali inakwenda chini sana. Sijawahi kufungua hata bolti moja ya breki na naogopa kuharibu zaidi. Nianze wapi, na nisiguse nini?

Jibu: Kwanza pikipiki ibaki kwenye stendi mpaka kazi iishe. Breki inayosubiri kupampiwa ndipo ishike haifai barabarani hata kwa safari ya dukani, kwa sababu mtu akikatiza mbele yako nafasi ya kupampu mara ya pili haipatikani. Hilo likishaeleweka, dalili ulizozitaja ni zile zinazosomeka kwa urahisi. Kwa maelezo yako nashuku upepo (hewa ndani ya mafuta) kwenye breki ya mbele, na nyuma shuu zilizolika, yaani vile vipande vilivyopinda vinavyosugua ndani ya ngoma, pamoja na nati ya marekebisho iliyosahauliwa. Lakini usichukue neno langu. Mkono wenyewe utakwambia, na kuusoma hakuhitaji kufungua kitu chochote.

Ukivuta mkono wa breki, pistoni ndogo iliyo ndani ya masta, pale juu kwenye usukani, inasukuma mafuta kwenda kwenye kalipa, kile kifaa kinachoikumbatia diski na kubeba pedi, yaani vipande vya kusugua. Ni mafuta kidogo sana, maana pedi zinahitaji kusogea sehemu tu ya milimita ili ziibane diski. Kinachozirudisha si springi bali sili. Pistoni ya kalipa imezungukwa na sili ya mpira ambayo ukiikata utaona kipande cha mraba. Mafuta yakiisukuma pistoni, sili inaing'ang'ania na kupinda nayo. Ukiachia mkono, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa kiasi kile kile ilichopinda. Pedi zikilika, pistoni inateleza mbele kidogo ndani ya sili na kuanzia kazi mahali papya. Ndiyo maana breki ya diski hujirekebisha yenyewe na haina nati ya kukaza.

Hapo pana jambo ambalo wengi hukosea. Pedi zilizoisha, peke yake, haziushushi mkono wa breki. Kinachoshuka ni mafuta kwenye kikopo kilicho juu ya masta, kwa sababu nafasi iliyoachwa na pedi inajazwa na mafuta nyuma ya pistoni. Kikipungua mpaka tundu la chini likawa wazi, hasa pikipiki ikilazwa kwenye stendi ya pembeni au usukani ukigeuzwa, masta inanyonya upepo. Kwenye pikipiki iliyotumika, mfuatano huo ni wa kawaida: pedi zimelika, hakuna aliyetazama kikopo, upepo umeingia. Mafuta hayabanwi yakasinyaa, upepo unabanwa. Povu dogo tu linaweza kula sehemu kubwa ya mwendo wa mkono kabla pedi hazijagusa diski.

Usomaji wa mkono

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, injini imezimwa. Vuta mkono taratibu, uone unaishia wapi. Kisha pampu haraka mara nne au tano na uushikilie.

Ukipanda lakini ukabaki laini, kama unabana sponji, na ukiubana zaidi unaendelea kuingia, huo ni upepo. Ukipanda na kuwa mgumu kama jiwe, halafu baada ya kuendesha mita chache au kuzungusha gurudumu ukashuka tena, tatizo liko kwingine: kuna kitu kinasukuma pedi mbali na diski kila gurudumu linapozunguka. Hapo mtuhumiwa ni diski iliyopinda, bolti za diski zilizolegea, au beringi ya gurudumu iliyochoka. Shika gurudumu juu na chini, litikise kushoto na kulia. Likicheza hata kidogo, kutoa upepo kutakuwa kazi bure.

Jaribio la tatu ndilo linalofichua hitilafu ya hatari zaidi, na watu hulipita. Mkono ukiwa umepanda, ubane kwa nguvu ya wastani na uuache hapo kwa sekunde 30. Ukizama polepole kuelekea mshikoni, ama mafuta yanavuja nje, na utayaona, ama yanapita kando ya sili ndani ya masta na kurudi kwenye kikopo bila kuacha tone lolote nje. Masta ya namna hiyo inatengenezwa kwa kubadilisha sili na pistoni yake zinazouzwa pamoja, au kwa kuweka masta mpya. Hiyo si kazi ya siku ya kwanza.

Iko na hali ya kinyume: mkono mgumu tangu mwanzo, lakini pikipiki haisimami. Usitafute upepo hapo. Mafuta au grisi imegusa pedi, au uso wa pedi umechomeka na kung'aa kama kioo, au pistoni imeganda ndani ya kalipa. Na kama mkono ni mzuri asubuhi, ukalegea baada ya mteremko mrefu, kisha ukarudi sawa pikipiki ikipoa, mafuta yamezeeka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikiwa imeshanyonya maji, kipimo chake cha kuchemka kinaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka kwenye kalipa yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo tu.

Macho kabla ya spana

Tazama kioo kidogo ubavuni mwa kikopo. Mafuta mapya huwa meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi yametumika muda mrefu, na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hata kama pikipiki haitembei. Ukikuta yamepungua, usiongeze bado. Angalia pedi kwanza. Ukijaza kikopo leo juu ya pedi zilizoisha, kesho utakapoweka mpya na kurudisha pistoni ndani, mafuta yatafurika juu ya tangi.

Pedi utaziona kwa kuchungulia kalipa kwa tochi, kwa nyuma au kwa chini. Pima unene wa kile kinachosaga, usihesabu bati lililo nyuma yake. Nyingi zina mfereji katikati. Mfereji ukifutika, pedi zimekwisha. Watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na milimita 1, lakini kwenye milimita 2 mimi ningenunua nyingine. Tazama pedi zote mbili: moja ikiwa nene na nyingine nyembamba, kalipa haitelezi kwenye pini zake.

Pitisha kidole kwenye paipu kutoka juu hadi chini, hasa inapopinda. Nyufa, uvimbe au unyevu maana yake paipu mpya. Angalia pia shoki za mbele: sili ya shoki ikivuja, mafuta yake huteremka moja kwa moja hadi kwenye kalipa, na utabadilisha pedi kila mwezi bila kujua kwa nini. Diski nayo imegongwa kikomo cha unene, kwa kawaida herufi MIN TH na namba. Diski iliyotoka kiwandani na milimita 4 inaweza kupewa kikomo cha 3.5. Ipime kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene, pale pedi zinaposugua, kwa sababu ukingo wa nje hauliki na utakudanganya.

Unachopaswa kuogopa, na usichopaswa

Mafuta ya breki yanababua rangi ya pikipiki ndani ya dakika chache, na yanachoma macho. Funika tangi kwa kitambaa kinene, weka ndoo ya maji karibu, na tone likidondoka mwagia maji mengi hapo hapo. Kulifuta kwa kitambaa kikavu kunalisambaza. Vaa miwani.

Kalipa ikiwa imetoka kwenye diski, usiguse mkono wa breki kabisa. Hakuna kitu cha kuizuia pistoni, itatoka yote, na hapo kazi ya nusu saa imekuwa ya siku nzima. Weka kipande cha ubao au kadibodi nene kati ya pedi, na ufunge mkono wenyewe kwa kamba ulegee mbele ili mtoto au jirani mdadisi asiuvute.

Petroli, dizeli, oili ya injini na grisi ya kawaida hazigusi chochote chenye sili ya breki. Mpira wa sili umetengenezwa kwa mafuta ya breki; ukionja petroli unavimba, na breki itang'ang'ania siku mbili baadaye wakati umeshasahau ulichokifanya. Kwa hiyo pia kikopo hakijazwi kwa oili nyingine "kwa muda". Soma kifuniko chake: kimeandikwa aina inayotakiwa, mara nyingi DOT 4. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki nazo, ingawa jina linafanana. Wengi wameingia mtego huo dukani. Nunua chupa ndogo ambayo haijafunguliwa. Iliyobaki nusu kwenye rafu tangu mwaka jana imeshakunywa maji ya hewani.

Bolti nene yenye tundu inayounganisha paipu na kalipa iache kwa leo. Ikifunguliwa inadai washa mpya za shaba pande zote mbili, na inaingiza upepo mwingi kuliko ulioanza nao.

Pedi

Kama zimeisha, zibadilishe kabla ya kutoa upepo, usije ukafanya kazi mara mbili. Pini inayozishika pedi ilegeze kwanza kalipa ikiwa bado imefungwa kwenye shoki, kwa sababu ikishatoka itakuzungukia mkononi. Fungua bolti mbili za kalipa, itoe taratibu, na uining'inize kwa waya. Isiachwe ikining'inia kwa paipu yake. Tazama jinsi pedi na vibati vya springi vilivyokaa. Piga picha, na uipige kabla ya kuvitoa.

Sasa pistoni. Imetokeza, na sehemu iliyotokeza imejaa vumbi jeusi lililokauka. Ukiirudisha ndani hivyo hivyo, uchafu huo utapita kwenye sili na kuikata. Chukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, sugua mzunguko wote mpaka chuma ing'ae, kausha. Fungua kifuniko cha kikopo, weka kitambaa kuzunguka, kisha sukuma pistoni kwa vidole gumba viwili. Inapaswa kuingia kwa msukumo wa taratibu, huku mafuta yakipanda kikoponi. Yakikaribia kufurika, yavute kwa sirinji. Pistoni iliyokataa vidole usiilazimishe kwa bisibisi. Imeganda, na inahitaji fundi aitoe na kuweka sili mpya.

Pini za kutelezea zisafishe na kuzipaka grisi ya silikoni, kidogo tu, ukichunguza vifuko vya mpira vinavyozifunika. Rudisha kila kitu kama kwenye picha. Diski na pedi zisiguswe kwa mkono wenye grisi. Bolti za kalipa zikaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kama huna spana hiyo, mwombe fundi azihakikishe kabla hujapanda.

Kisha hatua inayosahauliwa kuliko zote: pampu mkono. Mivuto ya kwanza itakwenda hadi mshikoni bila kukutana na kitu, kwa sababu pistoni iko mbali na pedi. Aliyebadilisha pedi na kuondoka bila kupampu hugundua hilo kwenye njia panda ya kwanza.

Kutoa upepo

Unahitaji spana ringi inayoenea kwenye skrubu ya kutolea upepo, mara nyingi namba 8, mpira mwembamba unaoonyesha ndani wa kubana vizuri kwenye skrubu hiyo, chupa safi ya plastiki, na bisibisi ya nyota. Bisibisi iwe ya saizi sahihi na uibonyeze kwa nguvu, kwani skrubu za kifuniko cha kikopo ni laini na vichwa vyake huharibika haraka. Zikigoma, gonga kitako cha bisibisi kwa nyundo ndogo mara mbili tatu, kisha zungusha.

Geuza usukani mpaka kikopo kilale sawa. Toa kifuniko na mpira mlaini wa chini yake. Kama mafuta ni machafu, yavute kwa sirinji ubakize kiasi cha kufunika tundu la chini, futa matope kwa karatasi safi, jaza mafuta mapya. Legeza kidogo skrubu ya upepo kwa spana ringi na uifunge tena kabla ya kuvalisha mpira, kisha ivalishe mpira spana ikiwa imebaki palepale. Ncha ya pili ya mpira izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa, isije ikavuta hewa kurudi.

Vuta mkono taratibu mara tatu. Shikilia. Fungua skrubu robo mzunguko: mkono utazama, na mapovu yatapita kwenye mpira kama shanga. Funga skrubu. Sasa ndipo uachie mkono. Mpangilio huo hauvunjwi. Ukiachia kabla ya kufunga, unanyonya ndani ule ule upepo uliotoa. Rudia. Kila baada ya mara tano hivi angalia kikopo na uongeze, maana kikikauka unaanza upya.

Weka kipande cha mti au kidole cha mkono mwingine nyuma ya mkono wa breki ili usizame hadi mwisho kabisa. Ndani ya masta ya zamani, sehemu ambayo pistoni haifikagi huwa imejaa kutu na uchafu. Sili ikiburuzwa huko mara moja inaweza kuchanika, na utamaliza kutoa upepo ukiwa na masta inayovuja.

Wakati mwingine mapovu madogo hayaishi, yanakuja na kuja. Chunguza yanatokea wapi: mara nyingi ni hewa inayopita kwenye nyuzi za skrubu iliyolegezwa, na haiko ndani ya breki hata kidogo. Ifungue kidogo zaidi ya kawaida? Hapana, punguza. Robo mzunguko inatosha, na mpira uwe unabana. Mkono ukibaki laini hata baada ya mapovu kukoma, povu limekaa juu, pale paipu inapotoka kwenye masta, ambapo kuvuta kuelekea chini hakulifikii. Geuza usukani ili hiyo bolti ya paipu iwe chini kuliko kikopo, gongagonga paipu kwa kitako cha bisibisi, na uvute mkono mara nyingi kwa mwendo mfupi wa milimita tano tu. Utaona vijipovu vikitokea kwenye tundu la kikopo. Kisha ufunge mkono kwenye mshiko kwa kamba usiku kucha, ukiubana kiasi. Asubuhi ukiufungua, yaliyobaki huwa yamepanda na kutoka.

Mkono mzuri unakuwa mgumu katika theluthi ya kwanza ya mwendo wake, na kupampu hakuupandishi tena. Skrubu ya upepo ikaze kwa vidole viwili kwenye spana fupi. Ina tundu katikati na hukatika kirahisi, na kipande kikibaki ndani ya kalipa utajuta. Jaza kikopo hadi mstari wa juu, hakuna faida kupita hapo. Rudisha mpira mlaini ukiwa umekunjwa ndani kama ulivyoanza.

Gurudumu likibana baada ya kazi

Mlio hafifu wa pedi kugusa diski ni wa kawaida. Gurudumu likigoma kuzunguka kwa mkono, vuta na uachie breki, kisha fungua skrubu ya upepo kidogo huku mpira umevaa. Likiachia ghafla, mafuta yalikuwa yamenaswa. Ndani ya masta, chini ya kikopo, kuna tundu la kurudishia mafuta jembamba kuliko sindano ya kushonea, na punje moja ya uchafu inaliziba. Breki ya namna hiyo ina tabia mbaya: kadiri mafuta yanavyopata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, pedi zinabana zaidi, joto linaongezeka, na mwisho gurudumu linajifunga barabarani. Likiwa limebana vile vile hata skrubu ikiwa wazi, masta haina hatia. Rudi kwenye pistoni na pini za kalipa.

Ngoma ya nyuma

Hapa kuna nati ya marekebisho, na ndiyo mahali pa kujifunzia kwa sababu haina mafuta. Pedali inapaswa kuwa na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kwenye ncha yake kabla shuu hazijagusa ngoma, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Kaza nati iliyo mwishoni mwa rodi nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ukizungusha gurudumu, na uache liwe huru. Kila mara unapokaza cheni na kurudisha gurudumu nyuma, rodi nayo inabana zaidi. Wengi hukaza cheni wakasahau, shuu zikaungua ndani ya kilomita chache. Taa ya breki iwake kabla breki haijashika. Swichi yake ina nati yake ya kurekebisha.

Kabla ya kukaza zaidi, tazama liva iliyo nje ya ngoma na mshale wake. Bonyeza pedali: mshale ukifika kwenye alama iliyogongwa kwenye bamba la ngoma, shuu zimekwisha. Kwenye pikipiki iliyouzwa, kagua pia kama nukta iliyo kwenye ncha ya kamu, kile kipande kinachozungushwa na liva ili kuzitanua shuu, imelingana na nukta ya liva. Kuna wanaoivua liva na kuirudisha jino moja nyuma ili ionekane bado ina maisha. Hatari yake ni kwamba kamu huzidi kuzunguka mpaka inakaribia kupinduka, na kamu iliyopinduka inaacha shuu zimefunguka na gurudumu limefungwa.

Kelele kwa kawaida ni vumbi na uso wa shuu uliochomeka. Toa gurudumu, na usipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa maana shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni. Shuu zenye unene wa kutosha, zaidi ya milimita 2, zikwaruze kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Zenye mafuta zitupwe, kwani yameshaingia ndani na msasa hauyafikii. Mafuta hayo ya kwenye ngoma yametoka mahali, mara nyingi sili ya beringi. Kamu ipake grisi nyembamba isiyoyeyuka kwa joto, kisha ufute yote inayoonekana. Ndani ya ngoma pamegongwa kikomo cha kipenyo, kwa mfano MAX 131 kwa ngoma ya milimita 130. Ukingo mkubwa ndani unamaanisha pima.

Kujaribu

Sukuma pikipiki kwa miguu na ushike kila breki peke yake. Kisha barabara tupu, kilomita 10 kwa saa, halafu 20, halafu 30, ukirudi kuangalia uvujaji kila baada ya hatua. Pedi mpya hazishiki vizuri mwanzoni. Punguza kutoka 40 hadi 10 mara kumi na tano hivi, ukiacha diski ipoe katikati, na usisimame ukiwa umezibana pedi za moto kwenye diski, kwa sababu zinaacha doa litakalofanya mkono utetemeke.

Kama pikipiki ina ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga, au pedali inayoshika na ya mbele pia, kutoa upepo kuna mpangilio wake wa kipekee na wakati mwingine huhitaji kifaa cha kuunganisha kompyuta. Mpelekee fundi mwenye nacho. Mdundo wa mkono unaposhika kwa nguvu kwenye ABS ni wa kawaida, taa yake isiyozimika baada ya kuondoka siyo. Mpelekee pia masta inayozama, pistoni iliyoganda na paipu iliyopasuka.

Jioni hiyo, zungushia karatasi nyeupe kavu kwenye skrubu ya upepo na nyingine chini ya masta, uzifunge kwa uzi. Funga mkono wa breki kwenye mshiko na ulale. Asubuhi karatasi zikiwa kavu na mkono ukashika palepale ulipoishia jana, toa kamba, ondoa karatasi, na uendeshe.